Kukinga herufi katika skripti za Vim: mkwaju umeliwa na nani?

Kukinga herufi ni kuitangulizia alama, kwa kawaida mkwaju wa nyuma `\`, ili isomwe kama herufi tupu, isichukuliwe kuwa amri. Katika Vim, kihariri cha maandishi, ruwaza ya utafutaji husomwa mara mbili: kwanza Vim inapojenga stringi (mfuatano wa herufi ndani ya alama za kunukuu), kisha injini ya rejeksi, yaani sehemu inayolinganisha ruwaza na maandishi, inapotafuta. Mkwaju ulioliwa na msomaji wa kwanza haumfikii wa pili.

Tuseme unataka mafaili yanayoishia na .txt:

`if jina =~ "\.txt$"`

Ndani ya alama mbili za kunukuu `\n` ni mstari mpya na `\t` ni tabo, lakini `\.` haina maana, kwa hiyo Vim huondoa mkwaju kimyakimya. Injini hupokea `.txt$`, ambamo nukta ni herufi yoyote, na `barua_txt` nayo inapita. Hakuna ujumbe wa kosa. Ndiyo maana hitilafu hii hukaa muda mrefu bila kuonekana.

Ruwaza iandike ndani ya alama moja: `'\.txt$'`. Humo mkwaju unabaki ulivyo, na kinachohitaji uangalifu ni alama moja yenyewe tu, ambayo huandikwa mara mbili: `'ng''ombe'`. Kutafuta mkwaju mmoja ni `'\\'`. Kwa alama mbili ingekuwa `"\\\\"`. (Emacs Lisp, lugha ya kihariri Emacs, haina stringi za alama moja, ndiyo sababu ruwaza zake zimejaa mikwaju.) Alama mbili ziache kwa vitu kama `"\n"` na `"\<Esc>"`.

Maandishi yaliyotoka kwa mtumiaji yanahitaji kinga zaidi:

`call search('\V' . escape(neno, '\'))`

`\V` huziondolea nukta, nyota na mabano ya mraba nguvu zake. Unabaki mkwaju tu, nao unakingwa na `escape()`. Ukiunda amri ya `:s` (tafuta na ubadilishe), kinga pia kitenganishi `/`: `escape(neno, '/\')`.

Katika `:s` upande wa maandishi mapya una sheria zake, na hapa wengi huteleza. `&` humaanisha kile kilichopatikana, na `~` maandishi mapya ya mara iliyopita. Ukibadilisha `pilau` kuwa `pilau & nyama` bila kinga, utapata `pilau pilau nyama`. Tumia `escape(jipya, '/\&~')`. Kwenye kitendaji cha `substitute()` kinga `\` na `&` peke yake, maana humo `~` ni herufi ya kawaida.

Ukiwa na shaka, andika `:echo "\.txt$"` uone kilichobaki kabla hakijafika kwenye injini.