Kushughulikia hitilafu wakati wa kufungua kifurushi: maana yake

Kwenye Debian na Ubuntu, ambayo ni mifumo endeshi ya Linux, programu huja ndani ya faili la .deb. Humo mna vitu vitatu: kijifaili cha kutaja toleo la muundo, maelezo ya kifurushi, na data.tar iliyobanwa, yenye programu yenyewe. Kazi ya dpkg, kisakinishi cha mifumo hii, ni kuifungua na kuweka kila faili mahali pake. Kushughulikia hitilafu ni yale inayoyafanya kufungua kunapokwama: inagunduaje, inatoa taarifa gani, na inaiacha kompyuta katika hali gani.

Visababishi vinajulikana. Bando limekata, faili likashuka nusu. Diski imejaa. Au aina ya ubanaji ni ngeni: tangu Ubuntu 21.10 vifurushi vyake hubanwa kwa zstd, na dpkg ya Debian 11 ikipewa kimoja inakikataa papo hapo. Hiyo ndiyo hitilafu nafuu, maana hakuna kilichoguswa.

Inayosumbua ni ile ya katikati ya safari. Data iliyobanwa hufunguliwa kidogokidogo huku ikiandikwa kwenye diski. Kwa gzip, aina nyingine ya ubanaji, namba ya uhakiki imo katika baiti 8 za mwisho kabisa, kwa hiyo ubovu unaweza kujulikana wakati mafaili mengi yameshaandikwa. Chombo kizembe kingekuwa kimeshafuta toleo la zamani.

Hapa dpkg ina ujanja ninaoupenda. Ikisasisha nano, kihariri cha maandishi, haigusi /usr/bin/nano. Huandika kwanza /usr/bin/nano.dpkg-new pembeni. Ubanuaji ukiisha salama, ndipo jina hubadilishwa. Ukikatika, kwa kifurushi kilichobanwa kwa xz unaweza kuona «lzma error: unexpected end of input», mafaili ya .dpkg-new yanafutwa, na nano ya jana inaendelea kufanya kazi.

Wanaojiandikia skripti huteleza kwingine: katika gunzip -c faili.tar.gz | tar x, gunzip inabanua na tar inatoa mafaili, lakini bash inayoendesha skripti huripoti matokeo ya tar tu. Gunzip ikilalamika kuwa namba ya uhakiki hailingani, tar inaweza kumaliza kwa 0, yaani bila kosa, na skripti ikasonga mbele. Weka set -eo pipefail juu kabisa, ili kosa la gunzip nalo lisimamishe skripti.

Kwa kawaida apt, inayopakua vifurushi, hulinganisha SHA256 (namba ya uhakiki ya faili zima) kabla ya kuikabidhi dpkg kifurushi, ndiyo maana kosa hili huwapata zaidi waliobeba .deb kwa flashi au walioipakua kwa kivinjari. Hao waanze na sha256sum, kisha wapakue upya. Kuilazimisha dpkg kwa --force-all hakutaleta baiti ambazo hazikufika.