Sadaka ya Ijumaa Kuu Haiishii Roma

Kila Kwaresima, na hasa Ijumaa Kuu inapokaribia, hukutana na kauli ileile kuanzia Likoni hadi Mikindani. Safari hii imetoka kinywani mwa mwenyekiti wa jumuiya ambaye katika mambo mengine yote ni mtu makini: "Mwalimu, hizi sadaka za misioni si zote zaenda Roma tu? Baba Mtakatifu ana shida gani na shilingi zetu?" Nimeshughulikia matoleo ya kimisionari hapa Mombasa kwa muda wa kutosha kujua kwamba jibu fupi la mlangoni mwa kanisa halimridhishi mtu. Basi nimeandika refu, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nianze na yaliyo mepesi. Sadaka anayopewa Papa mwenyewe, kwa ajili ya huduma yake na misaada anayoitoa, ni ile ya Mtakatifu Petro, nayo hukusanywa mwishoni mwa Juni, si Kwaresima. Kampeni ya Kwaresima ya maaskofu wa Kenya, ile yenye kijitabu cha mada za kila wiki kutoka Tume ya Haki na Amani, ni jambo letu la humu nchini. Dominika ya Misioni Ulimwenguni, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1926, ni ya Oktoba. Watoto wa PMC, shirika la Kipapa la watoto wamisionari, nao wana visanduku vyao, na kusema kweli hao ndio pekee wasionisumbua, kwa sababu mtoto akishaambiwa kwamba sarafu yake ni ya mtoto mwenziwe wa nchi nyingine, halisahau jambo hilo.

Inayoniumiza kichwa ni ya Ijumaa Kuu. Siku hiyo hakuna Misa, kwa hiyo hakuna maandamano ya matoleo wala tangazo la maana la mweka hazina. Kapu huwekwa karibu na msalaba, muumini anapiga goti, anabusu, anadondosha alichokishika mkononi na kurudi kwenye benchi huku kwaya ikiendelea kuimba. Hajaambiwa ametoa kwa ajili ya nani. Mmoja hudhani ni ya msalaba, mwingine hudhani ni ya maua ya Pasaka, na aliyesoma zaidi kidogo husema ni ya Roma.

Ni ya Nchi Takatifu. Papa Paulo VI aliipa utaratibu wa sasa katika waraka wake wa mwaka 1974, akitaka ikusanywe katika makanisa yote ulimwenguni. Asilimia 65 huenda kwa watawa Wafransisko, ambao tangu mwaka 1342 wamekabidhiwa rasmi ulinzi wa mahali patakatifu, na ambao pamoja na kutunza makanisa ya Yerusalemu na Bethlehemu huendesha shule na parokia kwa ajili ya Wakristo wachache waliobaki huko. Asilimia 35 husimamiwa na Baraza la Kipapa la Makanisa ya Mashariki, linalosaidia, pamoja na mambo mengine, malezi ya waseminari na shule. Sasa tazama orodha ya nchi zinazofikiwa na sadaka hiyo: mbali na Israeli, Palestina, Yordani, Siria, Lebanoni, Iraki na nyingine za huko, zimo Misri, Eritrea na Ethiopia. Ethiopia! Yule anayelalamika kwamba shilingi zake zimevuka bahari kwenda kwa Wazungu ajue kwamba sehemu yake huenda imerudi na kutua kwa jirani zetu ng'ambo ya Moyale. Ni kweli kwamba sehemu ya fedha hupitia Roma, lakini kupitia si kuishia.

Kuna kosa la pili ambalo ni binti wa la kwanza, na hili hufanywa na watu wanaopaswa kujua. Ukiamini kwamba fedha ni za Roma, na kwamba Roma ni tajiri, ni rahisi kusema katika kikao cha fedha kwamba paa la sakristia linavuja, basi tuazime kidogo kwenye kapu la Ijumaa Kuu, tutarudisha baada ya Pasaka. Nimekaa katika kikao cha namna hiyo na kusikiliza watu wazima wakiafikiana kwa vichwa. Kanuni ya 1267 ya Sheria za Kanisa haina utata hapo: sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni haikuongeza "isipokuwa mvua ikinyesha".

Huku pwani haya yasingekuwa magumu, kwa maana majirani zetu Waislamu wanayaishi. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza katika wiki moja, nami sikumsikia hata jirani mmoja akichanganya zakatul-fitri na mchango wa msikiti. Anajua kipimo chake, anajua itolewe kabla ya sala ya Idi, anajua inakwenda kwa maskini.

Wapo wanaoacha hoja ya Roma na kushika nyingine: sisi wenyewe ni nchi ya misioni, kwa nini tutoe? Ni kweli kwamba majimbo yetu bado yako chini ya Baraza la Kipapa la Uinjilishaji na hupata ruzuku ya Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari. Lakini fedha hizo zilianza vipi? Karibu mwaka 1820 huko Lyon, Ufaransa, Pauline Jaricot, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 2022, aliwapanga wafanyakazi wa viwanda vya hariri katika vikundi vya watu kumi, kila mmoja akitoa sarafu ndogo kwa wiki. Hawakuwa matajiri. Shirika la Utoto Mtakatifu, mama wa PMC yetu, lililoanzishwa mwaka 1843, lilisaidia kugharimia watoto waliokombolewa utumwani na kulelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo, na ni mapadre wa shirika hilohilo waliofika Mombasa na Bura ya Taita. Kanuni ya 791 inalitaka kila jimbo litoe sadaka ya misioni kila mwaka, bila kuyaacha majimbo maskini.

Hata hivyo sitajifanya nina majibu yote. Mvua zinaposhindwa Kinango na mama anatembea na madumu tangu alfajiri, kumwomba muumini wa huko atoe kwa ajili ya Bethlehemu ni jambo linalonikaa kooni, na majibu ya vitabuni kuhusu Kanisa kuwa moja hayanitoshi. Huwa ninaomba, lakini siombi mara mbili. Shaka yangu nyingine ni kuhusu taarifa. Hesabu hupanda kutoka kigango hadi parokia, hadi jimbo, hadi juu kabisa, na kila mwaka huko hutolewa maelezo ya matumizi. Lakini nakala iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kigango sijaiona. Mwenyekiti wangu wa jumuiya amekosea kuhusu Roma, lakini katika kudai taarifa hajakosea hata kidogo.

Kuhusu mfungo nitasema kwa haraka. Aliyeacha mahamri na mbaazi asubuhi, kisha akanunua viazi karai vya bei ileile jioni, hakuokoa chochote cha kutoa. Amebadilisha saa ya kula tu. Kwaresima hutaka kilichoachwa mezani kifike kwa mwingine.

Mwisho, kuhusu M-Pesa, kwa sababu hapo ndipo sadaka nyingi hupotelea siku hizi. Ukiandika "sadaka" tu mahali pa namba ya akaunti, mweka hazina hana njia ya kujua kusudi lako, naye ataiingiza katika mfuko wa kawaida wa parokia bila kuvunja kanuni yoyote. Andika "Nchi Takatifu" kwa sadaka ya Ijumaa Kuu, na "PMC" kwa kisanduku cha mtoto. Anayetoa fedha taslimu atumie bahasha yenye maneno hayohayo, na akitaka risiti aidai ofisini kabla ya hesabu kufungwa baada ya Oktava ya Pasaka, yaani siku nane kuanzia Jumapili ya Pasaka.