Mzee wetu amebadilika ghafla: maswali na majibu kuhusu damu inayojikusanya juu ya ubongo

Mi ni nesi, nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa vichwa hapa Kampala. Juzi juzi tulikuwa na mzee wa miaka 71 kutoka upande wa Busia, watoto wake walimleta wakisema baba amekuwa kama mtoto, anafunga vifungo vya shati vimepishana, kikombe cha chai kinainama kwenye mkono wa kushoto mpaka chai inamwagika mapajani na yeye hata hashtuki. Nyumbani alishatibiwa malaria mara mbili kwenye kliniki moja, wengine wakasema uzee umefika, shangazi yao akasema kuna mtu amemfanyia kitu kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kumbe ilikuwa damu, imekaa kichwani wiki na wiki. Ilitolewa, na kesho yake asubuhi akaniomba uji mwenyewe na akashika kikombe kwa huo huo mkono wa kushoto. Maswali mengi hapa ni ya watoto wake pale koridoni, mengine nayasikia karibu kila wiki.

Sista, hii damu imetoka wapi na mzee hajapasuka popote?

Ubongo umefunikwa na utando mgumu, madaktari wanauita dura, uko kati ya mfupa na ubongo. Kutoka juu ya ubongo kuna vishipa vidogo vya damu vinavyovuka kwenda kwenye huo utando, kama kamba zilizofungwa kutoka upande huu hadi ule. Sasa mtu akizeeka ubongo unasinyaa kidogo. Chukua karanga iliyokauka vizuri, itikise karibu na sikio, utaisikia inacheza ndani ya ganda, na ubongo wa mzee nao unapata nafasi ya kucheza namna hiyo na vile vishipa vinabaki vimevutika. Hapo hata kugonga kichwa kidogo kunatosha kukata kimoja. Damu ya vishipa hivyo haina presha kubwa, inachuruzika polepole chini ya utando, nje mtu huoni kitu, hata nundu wakati mwingine hakuna. Ikishapita kama wiki 3 ndo inaitwa ya muda mrefu, hapa wodini utatusikia tunasema kroniki sabdura hematoma.

Lakini tumemuuliza, anasema hajaanguka

Wengi wanasema hivyo na hawadanganyi, wamesahau kwa sababu kilikuwa kitu kidogo. Ndo maana mi siulizi "umeanguka?" peke yake. Nauliza kuhusu miezi miwili mitatu iliyopita, aligonga kichwa kwenye mlango wa taksi, kwenye boriti ya jikoni, aliteleza bafuni, tawi la muembe lilimpiga, boda ilipiga breki akagongana kichwa na dereva? Na namuuliza anayelala naye nyumba moja, sio mgonjwa tu. Huyu mzee wa Busia alikataa kabisa kwamba ameanguka, mpaka mke wake akakumbuka kwamba wakati wa mazishi ya jirani, wiki kama sita nyuma, aligonga kichwa akiingia kwenye taksi, akakaa chini kidogo, akacheka, safari ikaendelea.

Kama aligonga wiki sita zilizopita mbona ugonjwa umekuja sasa?

Hili hata mabingwa walibishana nalo miaka mingi. Rudolf Virchow wa Ujerumani mwaka 1857 alisema ni utando uliovimba wenyewe, hakuona kama kuna kuumia, halafu Wilfred Trotter wa Uingereza mwaka 1914 akasema hapana, ni vile vishipa vinakatika mtu akigonga kichwa. Leo tunajua kila mmoja alishika kipande cha ukweli. Kugonga ndo kunaanza, damu kidogo inamwagika, kisha mwili unajaribu kuizungushia ngozi mpya kama unavyofunga kidonda, lakini hiyo ngozi ina vishipa vichanga na dhaifu ambavyo navyo vinavuja. Damu ya zamani inayeyuka, mpya inaongezeka kidogo kidogo, mfuko unakua na ubongo unasukumwa. Kwa kuwa mzee ana nafasi ya ziada kichwani anavumilia wiki nyingi bila kulalamika, halafu nafasi ikiisha mambo yanaharibika ndani ya siku chache na familia inaona kama imeanza jana.

Dalili zake ni zipi, maana naona kama kiharusi tu

Inafanana na kiharusi, inafanana na malaria ya kichwani, inafanana na kusahau kwa uzee, hata na ulevi, na hapo ndo inapoumiza watu. Kichwa kinauma, ingawa wazee wengine hakiwaumi kabisa. Kutembea kunabadilika, anaburuta mguu, anashika ukuta. Mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, maneno yanapotea, analala sana mchana, anakojoa bila kujua, wengine wanapata degedege. Kiharusi kwa kawaida kinakuja ghafla, unaweza kusema saa ngapi kilianza. Hii inakuja polepole, tena inapanda na kushuka, leo yuko sawa kesho hakujui jina.

Kitu ambacho unaweza kufanya hata nyumbani ni hiki: mkalishe, mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele viganja vikiangalia juu, afumbe macho, uhesabu mpaka 10 polepole. Mkono dhaifu utaanza kushuka na kiganja kitageuka kuangalia chini, yeye mwenyewe hajui. Ukiona hivyo usisubiri kesho. Na ukiona haushuki usijitulize sana, kama tabia au mwendo umebadilika bado apelekwe.

Kuhusu malaria naomba nieleweke vizuri. Kwetu huku kipimo kinaweza kuonyesha malaria kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni nyingine. Mpe dawa ndiyo, ila kama amemaliza dozi na bado anaburuta mguu, malaria siyo jibu.

Ni nani wanaopata zaidi?

Wazee, tena wanaume kuliko wanawake. Kule Helsinki walihesabu kati ya 1967 na 1973 wakapata kama mtu 1.7 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, lakini kwa wenye miaka 70 hadi 79 ikawa zaidi ya 7. Hesabu za miaka ya karibuni za nchi zenye wazee wengi ziko juu zaidi ya hapo, kwa sababu watu wanaishi muda mrefu, wanatumia dawa za kulainisha damu, na mashine za skani zimekuwa nyingi. Sisi Uganda nchi yetu ni ya vijana lakini majaja wapo na wanaongezeka, na huku tuna ajali za boda zinazofanya hata watu wa makamo walale kwenye vitanda vyetu na ugonjwa huu.

Pombe nayo, hapa siwezi kunyamaza. Mtu wa waragi kila siku ubongo wake unasinyaa mapema, ini linachoka kwa hiyo damu haigandi vizuri, na anaanguka mara nyingi, vitu vitatu kwa mtu mmoja. Halafu akichanganyikiwa kila mtu anasema amelewa, anaachwa kwenye mkeka. Wengine walio hatarini ni wanaotumia dawa za kulainisha damu kama wafarini, aspirini au klopidogreli, wenye kifafa, na wanaosafishwa figo.

Lazima skani? Eksirei ni rahisi zaidi

Eksirei ya kichwa inaonyesha mfupa, hii damu haionyeshi. Usipoteze hela hapo. Kinachotakiwa ni CT skani, dakika chache tu, na siku hizi si lazima kila mtu aje Mulago, hospitali kuu ya rufaa hapa Kampala, maana mashine zimefika kwenye hospitali kadhaa za rufaa za mikoani, ulizeni kwanza iliyo karibu kama inafanya kazi siku hiyo ndo muanze safari.

Kwenye picha damu ya muda mrefu inaonekana kama mwezi mwandamo umelala pembeni ya ubongo. Damu mbichi ni nyeupe, ikizeeka inakuwa nyeusi nyeusi, na katikati hapo, kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, inaweza kuwa na rangi ile ile ya ubongo, jicho lisilozoea likaipita. Daktari hapo anaangalia kama mstari wa katikati ya ubongo umesukumwa. Inaweza kuwa pande zote mbili pia, na hiyo inadanganya kwa sababu ubongo unabanwa huku na huku na mstari unabaki katikati. MRI, ile skani ya sumaku, inaona vizuri zaidi lakini mara nyingi CT inatosha.

Hakuna dawa ya kumeza tuepuke kisu?

Kama damu ni kidogo na mgonjwa hana dalili, daktari anaweza kumfuatilia tu na kurudia skani. Lakini kama mkono umelegea na akili imevurugika, damu inatakiwa itoke. Watu wanauliza sana deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza uvimbe. Ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 748, majibu yakatoka 2020: waliopewa walirudi thieta, yaani chumba cha oparesheni, wachache kweli, lakini baada ya miezi 6 waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 83.9, na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani asilimia 90.3. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie deksa dirishani pale famasi kwa kazi hii. Kuna njia mpya ya kuziba kwa ndani mshipa unaolisha ule utando, kupitia mrija unaoingizwa pajani au mkononi, kwenye majaribio imepunguza kurudi kwa damu, lakini inataka mashine na wataalamu ambao mgonjwa wetu wa kawaida hawafikii.

Oparesheni yenyewe wanafanyaje? Wanafungua kichwa chote?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanakimbia kwa uoga. Mara nyingi ni tundu moja au mawili ya upana wa kama sentimita moja na nusu. Wananyoa, wanachoma ganzi, wengine wanalazwa kabisa usingizi, wazee dhaifu mara nyingine wanafanyiwa kwa ganzi tu wanaongea na daktari. Ngozi inachanwa kidogo, mfupa unatobolewa kwa keke, mahali pasipo na ya umeme inatumika ya mkono inayofanana kabisa na keke ya seremala, unga wa mfupa unatoka mweupe. Chini yake utando unaonekana umejaa. Unachanwa, na hapo inatoka, maji mazito meusi mekundu kama oili chafu unapomwaga ya pikipiki, inaruka kidogo kwanza kwa sababu ya presha kisha inatiririka. Wanaosha kwa maji ya dripu ya uvuguvugu mpaka yatoke safi, wanaacha mpira mwembamba wa kukamulia kama siku 2, wanashona.

Ule mpira ndugu wanauogopa lakini una kazi kubwa. Cambridge walipima hilo, mwaka 2009 wakatangaza kwamba waliowekewa mpira damu iliwarudia asilimia 9.3, wasiowekewa asilimia 24, na vifo ndani ya miezi 6 kwa waliowekewa vilikuwa karibu nusu ya vile vya wasiowekewa. Kwa hiyo mgonjwa akitaka kuuvuta mshike mkono kwa upole, uite nesi, na usiinue mfuko unaopokea damu kutoka kwenye mpira juu ya kichwa chake hata kama ni kumpisha mtu wa kufagia.

Wazee wa kazi hii hawajaanza juzi. Majirani zetu Wakisii kule Kenya wana waganga waliokuwa wanakwangua mfupa wa kichwa kwa watu walioumia wakabaki na maumivu yasiyoisha, zamani sana. Siwaambii mwende huko, nasema tu kwamba kufungua kichwa kwa ajili ya kupona si wazo lililotoka ng'ambo.

Ana miaka 80, si ataishia mezani?

Hatari ipo, siwezi kukudanganya, kuna kuvuja damu tena, maambukizi, degedege, na mzee mwenye moyo mbovu ni tofauti na mwenye afya. Lakini umri peke yake si sababu ya kumrudisha nyumbani. Hii ni moja ya oparesheni fupi za kichwa, na kinachoharibu matokeo zaidi ni kumleta akiwa ameshazima. Anayeingia thieta anaongea ana nafasi nzuri sana kuliko anayeingia anakoroma.

Anatumia wafarini kwa ajili ya moyo, tuiache?

Usiiache wewe mwenyewe nyumbani. Leta karatasi na vidonge vyote kwenye mfuko, vionyeshe mapokezi kabla hata hujaulizwa. Damu itapimwa inaganda vipi, itarekebishwa kwa vitamini K na plazma, yale majimaji ya damu, kabla ya kisu, na siku ya kuanza tena wafarini wataamua daktari wa kichwa na wa moyo pamoja, kwa sababu mwenye vali ya bandia hawezi kukaa bila dawa muda mrefu.

Akitoka wodini tuangalie nini?

Damu inaweza kurudi, na wengi wanaorudiwa ni ndani ya miezi 2 au 3 ya kwanza. Nyuzi zinatolewa siku kama ya 7 hadi ya 10. Kibonyeo pale kichwani palipotobolewa kitabaki, msikibonyeze. Kichwa kikianza kuuma upya na kuzidi kila siku, au kile kipimo cha mikono kikibadilika, au usingizi ukawa mwingi, rudini hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki iko mbali. Pombe hapana. Boda asipande kwanza, na atakaporuhusiwa avae helmeti yake mwenyewe. Nyumbani ondoeni mkeka unaoteleza mlangoni, wekeni taa njia ya chooni. Yule mzee wa Busia watoto wake walimfungia kamba ya kushika kutoka mlangoni hadi chooni, wakanitumia picha, ameishika kwa mkono wa kushoto.