"Hujavimba, hana sumu huyo": tunayoyaamini kuhusu nyoka na yanayotokea mwilini

Mjomba aliumwa na nyoka magharibi ikiingia, akikusanya dagaa walioanikwa mchangani, kijiji kimoja cha Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Swila mweusi. Mguuni palikuwa na vitundu viwili na damu kidogo tu. Watu wakaubonyeza mguu, wakamwambia: "Hujavimba, hana sumu huyo." Akanawa, akala ugali.

Dhana hiyo inaua. Uvimbe ni kazi ya sumu ya kifutu, inayoharibu nyama na damu, na swila atemaye mate naye huvimbisha. Lakini swila mweusi wa msituni, anayeogelea na kula hata samaki, sumu yake hulenga hasa pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Mguu unaweza kuonekana mzima kabisa. Tazameni macho, kwa sababu kope ndizo hutangulia kushuka. Mjomba alipomaliza kula alikuwa anarudisha kichwa nyuma ili amwone aliyeketi mbele yake, kama mtu aliyeshukiwa na kofia usoni. Kisha ulimi ukawa mzito, mate yakamtiririka kwa kuwa hakuweza kumeza.

"Sumu ikifika moyoni, basi." Nimelisikia hili tangu utotoni. Kwa nyoka wa aina hii, kwa kawaida kinachokatika kwanza ni pumzi. Ukitaka kukaza msuli, ncha ya mshipa wa fahamu humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Huvuka mwanya mwembamba, hukaa kwenye vipokezi vya msuli, navyo hufunguka kama milango. Sodiamu huingia, msuli hukaza. Protini za sumu ya swila hukaa palepale penye nafasi ya asetilikolini. Ni kama kijiti kilichovunjikia kwenye tundu la kitasa: hakifungui mlango, wala hakiuachi ufunguo uingie. Ubongo unaamuru, mshipa unafikisha, msuli hausikii. Zamu ya kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ikifika, hewa haivutwi tena, na moyo bado unadunda.

Koboko ana sumu za namna hiyo, na nyingine zaidi. Moja huufanya mshipa umwage asetilikolini kupita kiasi, nyingine huzuia kimeng'enya kinachoifagia. Ndiyo maana misuli ya aliyeumwa naye huweza kuchezacheza kabla ya kulegea. Kwa hiyo kusema "sumu ya nyoka ni ileile" si kweli hata kwa nyoka mmoja.

Ninalotamani kila mtu wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotua, alijue ni hili: aliyelegea hivyo si maiti, wala hajapoteza fahamu. Sumu hizi hazizimi ubongo. Anasikia, anaelewa, ila hana msuli wa kujibu. Walipomvusha mjomba usiku kwa boti hadi Mwanza, shangazi alikuwa ameshaanza kulia msiba, na mtu mmoja alikuwa akihesabu mbao za jeneza. Mjomba alizisikia mbao zote. Mtu wa namna hii asipopumua, apuliziwe hewa mdomo kwa mdomo, bila kuacha, mpaka afike penye mashine ya kupumulia.

Kuchanja, kufyonza na jiwe jeusi havitoi sumu iliyokwisha kuingia. Kamba iliyokazwa huweza kuua kiungo chenyewe. Kiungo kifungiwe ubao kisitikisike, mgonjwa asitembee, safari ianze mara moja.

Kuna pia ile ya nguchiro, kwamba kabla ya kupigana na nyoka hutafuna mzizi fulani, na mzizi huo ukipatikana ni dawa ya binadamu. Kinga ya nguchiro haitoki tumboni. Kipokezi chake kina umbo tofauti kidogo: pale sumu inapotaka kushika pamebandikwa sukari, ikaizuia. Swila mwenyewe ana kinga inayofanana na hiyo. Nyegere yeye ana badiliko dogo la protini linaloisukuma sumu mbali. Hayo yote ni ya kuzaliwa nayo. Hakuna mzizi wa kuchimba.

Dhana ya mwisho niliikuta wodini: kwamba dawa ya kuzuia sumu ikichomwa, mgonjwa huinuka hapohapo. Dawa hiyo ni kingamwili, na hukamata hasa sumu inayozunguka mwilini. Iliyokwisha kung'ang'ania vipokezi huachia taratibu. Ndiyo maana dawa huwahishwa, na ndiyo maana baada ya dawa bado mtu huhitaji kupumuliwa kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Ndugu walipomwona hajainuka asubuhi yake, wakataka kumtoa wampeleke kwa mganga. Muuguzi akakataa, akaendelea kumtazama kope kila saa. Siku ya tatu, ya kushoto ikaanza kupanda.