Maana ya sesheni ya Kiayalandi, na namna ya kuirusha mtandaoni bila kuiharibu

Sesheni ni mkutano wa wapigaji wa muziki wa asili wa Ayalandi walioketi duara kwenye kona ya baa, wakipiga tuni za dansi walizozihifadhi kichwani, bila karatasi, bila jukwaa na mara nyingi bila spika. Kwa Kiayalandi huitwa seisiún. Wapigaji wanatazamana wao kwa wao. Wateja wengine wanaendelea na vinywaji na maongezi, na anayetaka kusikiliza anasogeza kiti. Ukitaka kuielewa haraka, ifikirie kama baraza, usiifikirie kama tamasha: waliokaa wanazungumza yao, mpita njia anakaribishwa kusikiliza, lakini mazungumzo hayakuanzishwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo ugumu wa kuirusha mtandaoni unapoanzia. Tamasha limeelekezwa upande mmoja, hivyo ukiweka kamera na maikrofoni mbele umekwisha kupata karibu kila kitu. Duara halina mbele. Popote utakaposimama, kuna mtu amekupa mgongo na fidla yake inaelekea kwingine.

Tuni ni lahani isiyo na maneno, na umbo lake ni la kawaida sana: sehemu mbili zenye vipimo (yaani mafungu mafupi ya mapigo) vinane kila moja, kila sehemu inarudiwa, jumla vipimo 32. Tuni moja hupigwa mara mbili au tatu, kisha wapigaji wanahamia ya pili na ya tatu bila kusimama. Mfululizo huo ndio seti. Rili, aina inayosikika zaidi, ina noti nane katika kila kipimo. Kwa mwendo wa mapigo 112 kwa dakika, mapigo mawili kwa kipimo, tuni nzima inakwisha kwa sekunde 34 hivi, na seti ya tuni tatu, kila moja mara tatu, inapita dakika 5 kidogo. Ziko pia aina nyingine, jigi zenye hesabu ya mapigo ya 6/8 na polka za 2/4 ambazo ni sifa ya mpaka wa kaunti za Kerry na Cork. Kati ya seti na seti watu wanaongea, au mmoja anaimba bila ala yoyote na baa nzima inanyamaza.

Ala zenyewe ni fidla, filimbi ya bati, filimbi ya mbao inayopulizwa ubavuni, konsatina (kodiani ndogo ya mikononi), kodiani ya vitufe, banjo ya nyuzi nne, gitaa, na buzuki, ala ya nyuzi iliyochukuliwa kutoka Ugiriki miaka ya 1960. Kuna bodhrán, tari la ngozi ya mbuzi linalopigwa kwa kijiti. Na kuna baipu za uilleann, ambazo upepo wake unatoka kwenye mvukuto unaofinywa kwa kiwiko. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017.

Wengi hudhani sesheni ya baa ni ya kale. Muziki ndio wa kale, lakini ulipigwa majikoni na kwenye njia panda kwa ajili ya wacheza dansi. Desturi ya kuketi duara ndani ya baa ilishika hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, miongoni mwa wahamiaji wa Kiayalandi huko London, mitaa kama Camden Town na Holloway. Kusikiliza kwa mbali kuna umri mkubwa zaidi: Michael Coleman, mpiga fidla aliyezaliwa Sligo, alirekodi santuri New York miaka ya 1920, na santuri hizo zilipovuka bahari kurudi Ayalandi, wapigaji wa huko wakajifunza kwake. Kwa hiyo anayedai kwamba muziki huu haupaswi kutoka nje ya chumba amezisahau zile santuri.

Kabla ya waya wowote kuchomekwa, ruhusa. Mwenye baa kukubali hakutoshi. Baa nyingi huwalipa wapigaji wawili au watatu waongoze duara. Waliobaki wanakuja kwa hiari yao. Waulize viongozi siku kadhaa kabla, kisha waliokaa wote waambiwe kabla ya seti ya kwanza, na kila anayejiunga baadaye aambiwe pia. Sheria ya hakimiliki ya Ayalandi ya mwaka 2000 inampa mpigaji haki ya kukataa kurekodiwa, isipokuwa kwa matumizi ya binafsi. Asiyetaka kuonekana apewe kiti nje ya kamera. Asiyetaka hata kusikika, basi usiku huo usirushe. Wanaoumia zaidi ni wanafunzi. Mtu anayejaribu tuni aliyoishika wiki iliyopita atanyamaza akijua Chicago na Sydney wanamsikia, na sesheni inapoteza kile kinachoiendeleza. Afadhali kurusha kwa muda wa saa moja uliokubaliwa, kisha uzime mitambo watu wakiona kwamba umezima.

Sasa itazame seti inavyoanza. Wenzake bado wanacheka na kutua glasi, mpiga fidla mmoja anapiga noti tatu nne za chini, kama mtu anayejisemea. Konsatina iliyo pembeni yake inaitambua tuni na kuingia. Kufikia kipimo cha tatu duara zima limo. Irushe hiyo kwa programu ya mikutano ya mtandaoni iliyoachwa kwenye mipangilio yake ya kawaida, uone. Programu imeundwa kuitafuta sauti ya mtu anayezungumza na kuyafuta mengine yote, kwa hiyo noti zile za mwanzo inazihesabu kuwa kelele na kuzifuta. Msikilizaji anapata kicheko, kisha muziki unaoibuka katikati ya sentensi. Baipu ndizo zinazodhurika kuliko ala zote, kwa kuwa zina mirija mitatu ya kuvuma inayoshikilia noti moja muda wote, na programu inaichukulia kama feni. Kwenye Zoom washa mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki. Kwenye programu nyingine zima kipunguza kelele, kizuia mwangwi na kile kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe.

Hicho cha mwisho ndicho kinachoziharibu video nyingi za simu. Mwimbaji akianza peke yake, simu inaongeza usikivu mpaka friji ya vinywaji inasikika. Rili ikiingia baada ya hapo, sauti inapasuka kwa sekunde kadhaa kabla simu haijajishusha.

Kinachofaa ni maikrofoni mbili ndogo za kondensa (aina yenye usikivu mkubwa) zinazolingana, zimefungwa pamoja kwenye stendi moja yenye mkono, mita 2 hadi 2.5 kutoka sakafuni, zikilitazama duara kutoka juu. Ziachane sentimita 17 na zifungue pembe ya digrii 110. Ni mpangilio uliotoka kwenye shirika la utangazaji la Ufaransa na unampa msikilizaji nafasi ya kujua nani ameketi wapi. Usiziweke mezani. Mezani kila glasi inayotuliwa inasikika kama mlango unaobishwa, na mguu wa mpigaji unaopima mwendo sakafuni unapanda kupitia mbao za meza. Kisha sogeza stendi kuelekea ala zenye sauti ndogo, yaani fidla, filimbi ya mbao na konsatina, na uiondoe karibu na banjo, kodiani na tari. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja inapungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, hivyo nusu mita ya kusogeza stendi inaleta uwiano ambao baadaye hakuna programu itakayoupata. Kumpa kila mpigaji maikrofoni yake ni kosa kwa maoni yetu: sakafu inajaa waya, hakuna anayeweza kuhama kiti au kumpisha mgeni, na duara linageuka jukwaa.

Kiwango cha sauti kipimwe duara zima likiwa ndani ya rili, kamwe si mtu mmoja akijaribu. Vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipima sauti, ambacho kikomo chake ni 0, maana usiku ukikolea watapiga kwa nguvu zaidi na lazima nafasi iwepo. Washa kichujio kinachokata sauti nzito zilizo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80. Kinapunguza mngurumo wa friji na mtetemo wa miguu, wala hakiigusi fidla, ambayo noti yake ya chini kabisa ni hezi 196. Gitaa ambalo uzi wake mnene umeshushwa hadi noti ya D lina noti ya hezi 73, nayo itapungua kidogo; inavumilika.

Wi-Fi ya baa usiitegemee. Saa tatu usiku baa imejaa na kila mteja yumo kwenye mtandao huo huo, na matangazo yako yanakatika katikati ya seti nzuri. Vuta kebo kutoka kwenye ruta. Picha ya 720p kwa kilobiti 3,000 kwa sekunde pamoja na sauti ya kilobiti 160 inatosha kabisa, na kasi ya kupakia iwe angalau mara mbili ya jumla hiyo, yaani megabiti 6 na zaidi. Saa tatu za matangazo namna hiyo zinakula GB 4.3 hivi. Kamera moja iliyotulia, juu ya bega la mpigaji mmoja, inatosha. Mikono ndiyo wanafunzi wanayoitafuta. Picha ikichelewa nyuma ya sauti, piga kofi mbele ya kamera, pima tofauti, kisha icheleweshe sauti kwa kiasi hicho kwenye OBS, programu ya kurushia matangazo.

Watu pia hutumia neno sesheni ya mtandaoni kwa kitu kingine kabisa: kupiga pamoja, kila mtu kwake. Baa za Ayalandi zilipofungwa Machi 2020 wengi walijaribu na wakashangaa kwa nini haiwezekani. Hesabu ni hii. Kwa mwendo ule wa rili, noti moja inadumu milisekunde 134. Programu ya mikutano ikichelewesha sauti kwa milisekunde 150, mwenzako anakusikia ukiwa nyuma noti nzima na zaidi, anapunguza mwendo akusubiri, nawe unapunguza umsubiri, mpaka rili inakufa. Wapigaji huvumilia kama milisekunde 25 au 30, sawa na kuketi mita 10 mbali, kwani sauti hewani inakwenda mita 343 kwa sekunde. Programu kama Jamulus na JackTrip hufika hapo kwa watu wa mji mmoja au mikoa ya jirani, wote wakiwa kwenye kebo na wamevaa hedifoni. Dublin na Boston ziko umbali wa kilomita 4,800 hivi. Mwanga wenyewe ndani ya nyuzi za kioo unahitaji milisekunde 24, hata kabla vifaa havijaongeza chake. Ndiyo maana ikatumika njia nyingine: mmoja anapiga, wengine wote wanazima maikrofoni zao na kupiga naye kimya kimya.

Baada ya matangazo, kata rekodi seti kwa seti. Tuni nyingi hazina hakimiliki, lakini si zote: rili ya The Hunter's House ilitungwa na Ed Reavy, mzaliwa wa Cavan aliyeishi Philadelphia, na kwenye sesheni inapigwa bega kwa bega na zile za karne zilizopita. Leseni ya IMRO, shirika la hakimiliki za muziki la Ayalandi, ambayo baa inalipia ni ya muziki ndani ya chumba; mtandaoni ni haki nyingine. Mfumo wa YouTube wa kutambua rekodi nao huwa unakosea, ukaiona tuni yako ya asili kuwa ni rekodi ya albamu ya mtu mwingine aliyeipiga pia, na dai la hakimiliki linatolewa kwa niaba yake. Pinga dai hilo ukieleza kwamba tuni ni ya asili na rekodi ni yako. Mdai ana siku 30 za kujibu.

Majina yaandikwe kwa mpangilio wa seti, pamoja na dakika ambapo kila tuni inaanza. Mara nyingi hata aliyeianzisha hajui jina lake. Hapo huandikwa gan ainm, yaani "bila jina", na msikilizaji wa mbali anayeijua hulijaza kwenye maoni, wakati mwingine akileta majina matatu ya tuni hiyo hiyo.