Hedifoni iliyommeza mwimbaji

Wiki iliyopita aliingia dukani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga, bibi mmoja wa Chumbageni, mwalimu mstaafu. Kabla sijamaliza shikamoo, keshatoa hedifoni kwenye kikapu cha sokoni.

"Marahaba mwanangu. Dude hili limemla mwimbaji. Kinanda nakisikia, ngoma nazisikia, yeye mwenyewe hayumo."

Mjukuu wake alishafuta draiva, zile programu za kuendeshea sauti ya kompyuta, na kuziweka upya mara mbili. Simlaumu kijana, ukiuliza mtandaoni ndilo jibu la kwanza utakalopewa. Lakini mwimbaji akipotea na vyombo vikabaki, kompyuta iache kwanza, shika waya.

Itazame pini ya hedifoni yako. Imegawanywa kwa pete nyeusi. Ncha ni ya sikio la kushoto, kipande kinachofuata ni cha kulia, na shina ni la pamoja: umeme wa masikio yote mawili unarudia hapo. Ukikatika waya huo wa pamoja, sauti haifi kabisa. Umeme unaotoka kushoto unakosa njia yake ya kurudi, unapitia kwa jirani wa kulia, na wa kulia vivyo hivyo. Kinachofika sikioni ni ile tofauti tu kati ya pande mbili. Sasa mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati ya rekodi, sawa kwa sawa kushoto na kulia. Toa kimoja kwenye kingine, unabaki na sifuri. Kinanda kilichoegemezwa upande mmoja ndicho kinachopona.

Ili nimwonyeshe, nikamwekea taarab ya zamani ya Black Star, wenyeji wetu wa hapahapa Tanga, ninayo kwenye kompyuta ya duka. Nakala yangu ni mono, kushoto na kulia hakuna tofauti hata chembe. Kimya. Bibi akacheka mpaka akaivua ile hedifoni: "Sasa umewala wote!"

Nikachukua mita ya kupimia umeme. Hedifoni yenyewe ni ya omu 32 kila upande (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nikapima ncha na shina, mita haisomi kitu. Ncha na kipande cha pili, ikasoma 64 na ushei. Yaani spika mbili zimepangana foleni, 32 na 32, na waya wa pamoja haupo.

Mara nyingi hukatikia shingoni mwa pini, pale waya unapojikunja kila siku. Nilikata hapo nikaunga pini mpya. Ukitaka kujaribu nyumbani, kuna jambo linalowashinda wengi: zile nyuzi nyembamba za rangi zimepakwa vanishi, na risasi ya kuungia haishiki juu ya vanishi. Ziguse kwanza kwa ncha ya solda yenye risasi ya moto mpaka vanishi iungue, ndipo uunge. Nyekundu huwa ya kulia, kijani au bluu ya kushoto, na yenye rangi ya shaba ni ya pamoja. Huwa, nimesema. Pima kwa mita kabla ya kuamini, viwanda vina mambo yao.

Ila usikimbilie kisu. Pini isipozama mpaka mwisho hukupa dalili hiyohiyo. Na hedifoni za simu zina pete tatu badala ya mbili, kwa sababu ya maiki, tena ziko za mipangilio miwili: nafasi ya maiki na ya waya wa pamoja zimebadilishana. Ukibonyeza kitufe cha maiki ukakishikilia, na mwimbaji akarudi, hedifoni ni nzima, imekutana na tundu lisilo lake. Adapta ndogo ya kugeuza mpangilio huo inamaliza kesi.

Wengine wanaobeba spika zao mpaka dukani hawana ubovu wowote. Jana yake waliunganisha runinga kwa waya wa HDMI, unaobeba picha na sauti pamoja, watazame mpira, kompyuta ikahamishia sauti kule, na spika za mezani zikaachwa yatima. Kwenye Windows bofya alama ya spika chini kulia, kisha kimshale kilicho kando ya kipimo cha sauti, uchague spika zako. Nyuma ya kompyuta ya mezani, spika ni tundu la kijani. Pinki ni maiki.

Na hedifoni ya Bluetooth ikianza kulia kama simu ya mezani mara tu unapoingia kwenye kikao cha mtandaoni, haijafa. Bluetooth ya kawaida haiwezi kukuletea muziki safi huku inachukua sauti ya maiki yake, kwa hiyo inashusha kiwango cha vyote viwili. Chagua maiki ya laptop, hedifoni ibaki na kazi ya kusikilizia.

Ugonjwa wetu wenyewe huku ni chumvi. Nyumba zinazopokea upepo wa bahari, kama za Raskazone, matundu yake hushika kutu ya kijani mapema. Spika inakwaruza ukigusa waya, upande mmoja unakuja na kwenda. Zima kompyuta, chomoa umeme, sokotea pamba kwenye kijiti chembamba, ilowesha spiriti kidogo, izungushe tunduni taratibu, kisha acha pakauke kabisa kabla ya kuwasha.

Spiriti, jamani. Mteja wangu mmoja alidondoshea mafuta ya nazi ili pini iteleze. Ubao wa kompyuta ile ninao mpaka leo kwenye rafu, na siku za joto duka zima linanukia vitumbua.