Jamvi na gunia: bytearray na bytes katika Python

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, anayesomea programu chuoni kwetu hapa Unguja, alinijia na karatasi ya matokeo mkononi. Zoezi lilikuwa jepesi: kutumia Python, lugha ya kuandikia programu, kusoma faili lenye uzito wa magunia 12 ya karafuu, kila uzito baiti 4, na kuupanga kwenye orodha. Karatasi yake ilikuwa na mistari 12, na yote ilisema 47.5. Gunia la mwisho peke yake ndilo lililokuwa na kilo 47.5. "Mwalimu, faili ni zima, nimelifungua mwenyewe. Haya mengine yamekwenda wapi?"

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu programu yake haikutoa kosa lolote. Ingekuwa kazi ya kweli, mkulima angesimama dirishani kusubiri malipo ya uzito usiokuwa wake.

Tuanze na baiti. Kwa kompyuta, faili ni safu ya namba, kila moja kati ya 0 na 255. Uzito wa 47.5 ukiandikwa kwa alama za ASCII, mpango unaoipa kila alama namba yake, ni 52, 55, 46 na 53, yaani namba ya tarakimu 4, ya 7, ya nukta na ya 5. Ndiyo maana wanafunzi wakiiomba Python baiti ya kwanza huletewa 52, wakashangaa mbona si 4. Safu hiyo Python huiweka kwa aina mbili kubwa: bytes, isiyobadilika, na bytearray, inayobadilika.

Aliyekulia Pemba hahitaji mfano wa mbali. Karafuu zikiwa zimeanikwa juu ya jamvi, unazigeuza, unaokota makonyo yaliyobaki, unaongeza zilizochumwa jana, na mvua ikitanda unazikusanya mbio. Jamvi ni lile lile, kilichomo ndicho kinachobadilika. Hiyo ni bytearray. Zikishakauka, zikatiwa guniani na gunia likashonwa, hapana anayetia mkono tena. Hiyo ni bytes. Jaribu kuandika uzito[0] = 53 juu ya bytes, yaani kubadili baiti yake ya kwanza, Python itakukatalia hapo hapo kwa kosa liitwalo TypeError. Unaloweza ni kujaza gunia jingine.

Sasa tazama alichofanya kijana wetu. Alitengeneza kasha = bytearray(4), yaani jamvi la baiti 4, mara moja tu, kisha ndani ya mzunguko akaandika:

f.readinto(kasha)
orodha.append(kasha)

Mstari wa kwanza humwaga baiti mpya juu ya zile za zamani. Mstari wa pili hauweki nakala ya karafuu, unaandika tu kwamba jamvi liko pale. Orodha ikaelekezwa kwenye jamvi hilo hilo mara 12, na mwisho wa kazi juu yake palikuwa na uzito wa gunia la mwisho. Dawa ni neno moja:

orodha.append(bytes(kasha))

Hapo kila uzito umeshonewa gunia lake kabla jamvi halijatumika tena. Aliliongeza akiwa bado amesimama, akaendesha programu upya, na mistari 12 ikatoka na uzito 12.

Wengine wakisikia hivi huikimbia bytearray kabisa, nao wanakosea. Chukua faili la megabaiti 1 linaloingia vipande 1,024 vya kilobaiti moja moja. Ukiviunga kwa += kwenye bytes, kila kipande kipya huilazimu kompyuta kutafuta gunia kubwa zaidi na kuhamishia yote yaliyotangulia. Ukijumlisha, umenakili zaidi ya megabaiti 500 ili upate 1. Bytearray hujiachia nafasi ya akiba pembeni, kwa hiyo extend, amri ya kuongeza mwishoni, huongeza bila kuhamisha kila mara. Shauri langu: data inapoingia, pokea kwa bytearray, inapofika pa kuhifadhiwa au kukabidhiwa sehemu nyingine ya programu, igeuze kuwa bytes.

Kuna mahali bytes ndiyo pekee inayokubalika, nako ni kwenye ufunguo wa kamusi ya Python (dict), ambamo kila kitu hutafutwa kwa ufunguo wake. Gunia hutafutwa kwa namba iliyochapwa juu yake. Kilichomo kikiweza kubadilika baada ya kuchapwa, namba itakudanganya. Kwa hiyo bytearray hukataliwa kuwa ufunguo, ingawa ukizilinganisha mbili hizo kwa == zenye baiti zile zile, jibu ni True.

Sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Neno ng'ombe likiandikwa kwa kibainishi (alama ya ') kilichonyooka ni baiti 7. Simu nyingi hukipinda kibainishi hicho, na katika UTF-8, mpango wa kugeuza herufi kuwa baiti, kilichopinda huchukua baiti 3, basi ng'ombe huyo huyo anakuwa baiti 9. Ukimweka hivyo ndani ya b"", alama ya kuandika bytes moja kwa moja, Python itamkataa, maana hapo hupokelewa ASCII tu. Andika neno kama maandishi ya kawaida, kisha tumia encode kuligeuza kuwa baiti.

Mwenye data nyingi aijue pia memoryview, inayokuonyesha sehemu ya jamvi bila kunakili kitu. Baiti zilizopo unaweza kuzibadilisha kupitia humo, lakini maadamu iko wazi, ukijaribu kuirefusha au kuifupisha bytearray yenyewe utapata kosa la BufferError. Jamvi halikunjwi na mtu amelikalia. Ifunge memoryview kwa release() kwanza, kisha endelea.